Samaki Anayepumulia Mkia

Sehemu ya Kumi na Saba

Poleni nyote mlionitumia ujumbe mkitaka nyundo ishuke. Mmoja wenu wa Muhoroni aliniandikia mara nne kwa siku moja: "Mwandishi, muue huyo Oyugi tulale." Ndugu yangu, nikimuua Oyugi leo, wiki ijayo utasoma nini? Bei ya miwa?

Nyundo haikushuka.

Tulimwacha Debra Adongo chini ya hema la maonyesho ya mafundi, pale ufuoni Dunga, saa tano asubuhi, nyundo ya mti imeinuliwa juu. Chini ya nyundo kilikuwa kichwa cha Frankline Oyugi, kimepakwa mafuta mpaka kinang'aa. Na mezani, kati yao, kulikuwa na gitaa la umeme lenye umbo la ngege, yule samaki wetu. Oyugi alikuwa amelifunua dakika hiyo hiyo kwa madaha. Lilikuwa la kijani, na kwenye kichwa chake limebandikwa jina kwa herufi za dhahabu: OYUGI.

"Huyo ni samaki wangu!" Debra alipiga kelele.

Mkono uliodaka nyundo ulikuwa wa Khaemba.

"Weka chini," Khaemba alimwambia sikioni. "Ukimpasua, mimi ndiye nitamtengenezea jeneza, na huyu mtu mrefu hivi atanimalizia mbao."

Kwa wewe uliyeukuta ukurasa huu umefungiwa mandazi, hebu nikufikishe haraka. Debra hutengeneza magitaa ya umeme katika kibanda kimoja cha mabati kule Obunga. Kibanda hicho anagawana na Khaemba, fundi wa majeneza kutoka Bungoma. Majeneza yako mbele, barabarani, ambapo wateja wanayaona. Magitaa yako nyuma. Mbao zinazobaki kwa wafu wa Khaemba ndizo zinazokuwa miili ya magitaa ya Debra.

Na Debra hakati gitaa la kuiga. Madukani magitaa yote yana umbo moja, lile la pembe mbili. Yeye huchora lake. Ngege alimchora kwa macho yake mwenyewe, akitazama samaki kwenye sinia: pezi la mgongo ndipo mkono unapoegemea, tumbo linakaa pajani, mkia unatokeza nyuma ya kiwiko. Wa kwanza alimkatia Mzee Ondiek, mpiga benga mnayemjua wote tangu mwanzo wa hadithi hii, mzee wa kofia nyeusi na majigambo.

Oyugi naye ana duka la vioo mjini. Hujiita Enjinia. Uenjinia wake ni kubandua stika ya Kichina na kubandika yake. Ndiye aliyeiandikia kamati ya maonyesho barua kwamba umbo la ngege ni lake, na kwamba Debra ni mwizi. Wote wawili wakatia sahihi: mshindi ndiye mwenye umbo, mshindwa anachoma vielelezo vyake, yale maumbo ya karatasi ngumu ya kuchorea mbao, hadharani na hatakata samaki huyo tena maishani.

Kwa Oyugi huo ulikuwa mchezo. Kwa Debra haukuwa. Ameranda mbao za watu tangu akiwa na miaka kumi na saba, meza walizoagiza, vitanda walivyoagiza. Ngege ndicho kitu pekee kilichowahi kutoka kichwani mwake mwenyewe.

Haya, tuendelee.

"Kaa chini, msichana," alisema Madam Dolphine Nakhungu, mwamuzi. Madam amefundisha useremala miaka thelathini na moja na hacheki na mtu. "Hapa hatuamui kwa nyundo. Kila mmoja ataeleza umbo hili, mkunjo kwa mkunjo. Mwenye mtoto anajua kila kovu la mtoto limetoka wapi."

Debra alishtuka. Kovu!

Kwa maana ngege yule ana kovu. Chini ya mkia kuna pengo la upana wa kidole gumba, na kingo zake zina mikato midogo midogo, kumi na mmoja. Gitaa la Oyugi lilikuwa nalo pengo hilo hilo, mahali pale pale.

Na asili ya pengo hilo, wasomaji wangu, ndiyo siri ambayo Debra ameificha mwaka mzima. Nimeificha pamoja naye, lakini leo siwezi tena.

Ni panya.

Debra alikata kielelezo chake cha kwanza kwenye boksi la mafuta ya kupikia. Boksi lilikuwa bado linanukia mafuta. Akaliacha juu ya rafu wiki moja akisubiri ubao mzuri. Khaemba akaja na ubao mmoja wa mvule, mpana, wa kupendeza, akasema tu, "Huu umebaki." Debra hakuuliza umebakia wapi. Ubao wa bure hauulizwi kabila. Stima ya Obunga ilikuwa imerudi baada ya siku mbili, akajua haitakaa. Akalibandika boksi juu ya mvule, akapitisha penseli mbio mbio, akawasha msumeno. Alipomaliza ndipo akaona panya alikuwa amekula mkia, na msumeno umefuata kila jino lake.

Mtu wa kawaida angesema, "Mzee, samahani, kuna kosa." Lakini Mzee Ondiek alifika asubuhi ile ile, akaweka kidole kwenye pengo, akauliza, "Na hii?"

Debra akavimba kifua. "Hapo, Mzee, ndipo samaki anapumua."

Basi! Ungemwona Mzee. Mnajua desturi yetu, muziki unakatwa katikati, mtu anasimama na kujisifu, kisha nyuzi zinaendelea. Mwaka mzima Mzee Ondiek amekata muziki wake mwenyewe kila mahali. "Mimi ndiye mwenye gitaa inayopumua! Wengine wote wameshika kuni!" Amesema hivyo Siaya mbele ya wakwe zake. Amesema hivyo mbele ya askofu. Debra akatengeneza ngege wa pili, safi, mkia mzima. Mpaka leo anating'inia ukutani. Kila mteja anamgeuza nyuma, anakosa pengo, anasema, "Aa, hii haipumui."

"Enjinia ataanza," alisema Madam.

Oyugi alikaza tai. Joto lile la Dunga, na suti! Alimpungia mkono mama yake aliyekaa mstari wa mbele, Mama Rosa, na sare yake nyeupe ya akina mama wa kanisa. Alikuwa amemleta makusudi ashuhudie ushindi.

"Huyo ni mtoto wangu!" Mama Rosa aliwaambia majirani zake. "Baba yake angekuwa hai leo, wuololo!"

Alimzika mumewe mwaka jana. Kumbukeni hilo.

"Madam, na wananchi wa Dunga," Oyugi alianza. "Hii pengo nimeifanyia utafiti miaka minne. Hewa ya ziwa ni nzito. Inabana sauti. Sasa mimi nikasema, sauti lazima itafutiwe mlango."

"Na hii mikato midogo?" Madam aliuliza.

"Mikato kumi na moja, Madam. Nimechonga na mkono yangu, moja moja, kwa hesabu."

"Kwa nini kumi na moja?"

Hapo Oyugi hakuwa amejiandaa. Lakini mtu wa stika hakosi stika.

"Nyuzi sita, Madam. Kuongeza siku tano za kazi."

Watu wakapiga makofi. Naapa walipiga makofi! Sisi watu wa ziwa ukituambia kitu kwa sauti kubwa na suti nzuri, tunapiga makofi kwanza, kufikiri tunaenda kufikiria nyumbani. Hata Mzee Ondiek, mstari wa pili, alitikisa kofia. Mwaka mzima amejisifia pengo bila kuwa na sayansi yake, leo ameipata.

Ila Mzee hakuwa na gitaa mkononi. Asubuhi Debra alikuwa amemwomba alilete liwe ushahidi, akajibiwa, "Gitaa yangu imepumzika nyumbani. Siwezi kuileta kwa hii vumbi." Debra aliona ni maringo ya kawaida.

"Debra Adongo," aliita Madam.

Khaemba alimshika kiwiko. Begani alikuwa na begi la vyombo. "Boksi liko hapa," alinong'ona. "Lile la panya. Nililiweka tangu siku ile. Toa tu, sema ukweli, tuende nyumbani."

"Mbele ya Mzee? Mbele ya Dunga nzima?"

"Ukweli haujamuua mtu, Debra."

"Nyamaza na boksi lako."

Alikwenda mezani kichwa juu. Alieleza pezi, vizuri. Alieleza tumbo, vizuri kuliko Oyugi, na Madam akaandika kitu. Kisha akafika kwenye pengo, na kiburi kikamshinda.

"Hapa," alisema Debra, "ndipo samaki anapumua."

Sauti ikapaa kutoka nyuma, kwenye makarai ya mafuta. Ilikuwa ya Akinyi, mkaanga samaki, ambaye hajui kunong'ona.

"Debra! Ngege inapumua na mkia?"

Hema lilipasuka kwa kicheko.

"Mimi nimepasua samaki miaka ishirini!" Akinyi aliendelea, kisu mkononi. "Samaki inapumua na mashavu! Huku nyuma inatoa kitu ingine!"

Wavuvi walishika mbavu. Mzee mmoja alikaa chini kwenye mchanga, hawezi kusimama. Hapo ndipo utajua ujinga wetu sote, mimi nikiwemo: mwaka mzima hadithi ya samaki anayepumulia mkia imezunguka Kisumu nzima, mji wa samaki, na hakuna aliyeuliza.

"Mnaona?" Oyugi alidakia. "Hata samaki mwenyewe hamjui!"

Madam Nakhungu alichukua kalamu yake.

Debra aliiona ile kalamu. Aliona na pipa lililokuwa limewekwa nje ya hema, kiberiti juu yake, likisubiri vielelezo vyake. Aliona aibu, aliona hasira, akaona pia kwamba aibu haijachorwa na mtu mwingine, ameichora mwenyewe.

"Madam, ngoja," alisema. "Khaemba, lete boksi."

Khaemba alilitoa. Boksi la mafuta ya kupikia, limekatwa umbo la ngege, limepauka, mkia umeliwa.

"Nimedanganya," alisema Debra. Sauti ilitetemeka, akaiacha itetemeke. "Hapa samaki hapumui. Hapa panya alikula. Nilikata haraka kabla stima ipotee, sikuangalia. Mzee aliponiuliza, niliona haya kusema mimi Debra nimekosea. Nikatunga uongo. Nikaupenda. Hiyo ndiyo asili ya pengo."

Akaliweka boksi juu ya gitaa la kijani. Lilikaa sawasawa. Mkunjo kwa mkunjo, jino kwa jino, kumi na moja.

Madam alivaa miwani, akahesabu kwa ncha ya kalamu, kisha akamgeukia Oyugi.

"Enjinia. Hii hesabu ya nyuzi sita na siku tano, ulifanya na panya?"

Yawa! Kelele zilizotoka hapo ziliwaondoa ndege kwenye magugu ya ziwa. Akinyi alipiga sufuria na kijiko. Mtu akapaza sauti, "Apewe cheti! Panya apewe cheti!"

Mtu mmoja tu hakucheka. Mzee Ondiek alikuwa amesimama, kofia mkononi.

"Panya?" aliuliza.

"Ndiyo, Mzee."

"Nimesema mbele ya askofu, Debra. Nimekata wimbo katikati, nikasema mbele ya wakwe zangu. Wameitikia. Panya?"

"Nisamehe, Mzee."

"Mwaka mzima ulikuwa unajua?"

"Kila siku, Mzee. Nilikuwa nikikusikia kwa redio nazima."

Mzee alikaa. Kofia hakuirudisha kichwani. Debra alitamani ardhi ya Dunga immeze, na nafikiri ingemmeza kama si Oyugi kuamka.

Kwa maana Oyugi alikuwa ameamka! Mlidhani amekwisha? Mwongo wa kazi hafi kwa pigo moja.

"Madam," alisema, akifuta jasho, "hiyo boksi imetafunwa lini? Mwaka jana, ama jana? Gitaa yangu imekaa kwa kioo ya duka miezi. Mtu yeyote anaweza kupita, aipige picha, aende akate boksi. Na hayo meno," alimtazama Khaemba juu hadi chini, "huyu bwana yuko na meno."

Watu wakamtazama Khaemba mdomoni. Khaemba akaufumba.

Madam alilinusa boksi. Aliligeuza. Aliguna. Mimi nilimjua Madam tangu sehemu ya tatu, na nawaambia, akiguna hivyo hana furaha.

"Ni kweli," alisema. "Boksi linaonyesha boksi na gitaa vimefanana. Halionyeshi nani alimzaa nani. Debra, una kitu kingine?"

"Madam, nimeshasema ukweli wote."

"Ukweli nimeusikia. Nauliza ushahidi."

Haya sasa! Ameshavua nguo mbele ya watu, na bado mto haujavukwa. Oyugi alitabasamu. Mama Rosa alipiga vigelegele. Mtu akaanza kusogeza pipa karibu.

"Basi kamati inaamua," alisema Madam, "kwamba umbo hili..."

"Madam."

Alikuwa Mzee Ondiek tena. Safari hii alikuja mpaka mezani, polepole, na nawaambia uso wake haukuwa wa majigambo.

"Huyu msichana ameweza kusema mambo ya panya mbele ya watu," alisema. "Mimi nina miaka sitini na nane. Siwezi kushindwa na yeye." Akashusha pumzi. "Gitaa yangu haiko nyumbani."

"Iko wapi?" Debra aliuliza.

"Mwezi wa nne ilianza kunguruma kwa uzi wa tatu. Zzz, zzz. Na mimi nimeshawaambia watu hii gitaa haina makosa. Ningeleta kwako, kibanda yako iko kwa barabara, watu wangeniona. Nikaipeleka kwa Enjinia. Kwa mlango ya nyuma. Tangu hapo napiga ya kuazima, na yeye ananiambia spea inatoka Nairobi."

"Tangu mwezi wa nne?" Madam aliuliza.

"Tangu mwezi wa nne inatoka Nairobi."

"Hata kama inatembea kwa mguu ingekuwa imefika!" Akinyi alipaza sauti kutoka kwenye karai.

Sasa mmeona mchezo wa Oyugi. Alijua Mzee ana kiburi, hatathubutu kusema gitaa lake la miujiza limelala kwa fundi. Alijua Debra ana kiburi, hatathubutu kukiri kosa lolote mbele ya watu. Akategemea viburi viwili, akapaka rangi ya kijani juu, akabandika stika. Hakutengeneza hata gitaa la kuiga, mvivu yule! Aliloliweka mezani lilikuwa lile lile la Debra.

Debra alipitisha ukucha wake kwenye ukingo wa mkia. Rangi ilibanduka. Chini yake, mvule wa kahawia.

"Usiguse mali ya mtu!" Oyugi alifoka. "Mvule iko nchi mzima! Nani alisema hiyo ni ile ya Mzee? Mzee amezeeka, gitaa yake iko kwa stoo yangu, nitaileta kesho!"

"Kuna alama yoyote, Debra?" Madam aliuliza. "Alama ambayo rangi haiwezi kufunika?"

Debra alifikiri. Halafu macho yake yakang'aa, na wasomaji wangu, yangu pia yaling'aa nilipokuwa nikiandika.

"Iko! Kile kibao cha mgongoni, kinachofunika nyaya. Nilikikata kwenye ubao ule ule wa mvule. Nje nilipiga randa, ndani sikupiga. Ndani kuna mwandiko wa Khaemba. Yeye huandika kila ubao kwa penseli kabla hajakata, asichanganye mbao za mteja huyu na yule."

"Aliandika nini?"

"Hata sikujali, Madam. Kwangu ilikuwa penseli tu. Nipeni bisibisi."

"Debra," alisema Khaemba.

"Nini?"

"Wacha. Boksi inatosha."

"Haitoshi. Si umesikia haitoshi?"

"Twende tu nyumbani." Khaemba alikuwa amebadilika rangi. Jasho lilimtoka kuliko Oyugi mwenye suti. "Utachora samaki wengine. Uchore kamongo. Kamongo ni mzuri, hata hana mambo mengi."

Debra alimkodolea macho. Huyu ndiye aliyemdaka mkono. Huyu ndiye aliyetunza boksi mwaka mzima akimhimiza aseme. "Khaemba, una nini?"

"Wele wange," Khaemba alimwita Mungu kwa lugha ya kwao.

Bisibisi ilitoka kwa fundi wa redio wa meza ya tatu. Misumari minne ya skrubu. Oyugi alinyoosha mkono kulivuta gitaa, Mzee Ondiek akaupiga mkono huo kwa kofia. Msumari wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Hema zima lilikuwa limesogea mpaka Akinyi akaacha samaki wake waungue.

Kibao kikatoka. Debra hakukisoma, alimpa Madam mkononi, kama ilivyo haki.

Madam alikipeleka kwenye mwanga. Ndani hakukuwa na rangi ya kijani. Kulikuwa na mvule mkavu, na juu yake penseli nene ya seremala.

"Kuna maneno," alisema Madam. "Khaemba, huu ni mwandiko wako?"

Khaemba alianza kurudi nyuma, kuelekea mlangoni. Lakini fomu yake ya usajili, aliyoijaza kwa mkono wake asubuhi ile, ilikuwa mezani. Madam aliweka kibao kando yake. Herufi zilikuwa ndugu wa tumbo moja.

"Ni wake," alisema Madam. "Basi imekwisha. Gitaa hili lilitoka kibanda cha Obunga, na umbo la ngege ni la Debra Adongo. Enjinia, bandua stika yako."

Wuololo! Dunga ilirindima. Akinyi alimkumbatia Debra na mafuta yake yote. Mzee Ondiek alivaa kofia, akanyoosha mkono, akapiga kelele kwamba yeye ndiye mzee pekee wa Nyanza ambaye gitaa lake limetengenezwa na watu wawili, msichana na panya. Debra alikuwa analia. Samaki wake alikuwa wake. Alifurahi kabisa, kwa moyo wote, na furaha hiyo nilimwachia kwa muda wa nusu dakika.

"Madam." Ilikuwa sauti ya Mama Rosa. "Hukutusomea. Imeandikwa nini?"

Madam aliinua kibao tena.

"Mzee Oyugi," alisoma. "Kifuniko."

Kelele zilikatika zote pamoja.

Oyugi, stika ikiwa imemnata kidoleni, aligeuka. "Mzee Oyugi gani?"

Mama Rosa alikuwa ameshasimama. Alitembea mpaka mezani kwa sare yake nyeupe, watu wakimpisha. Alikichukua kile kibao, akakipitishia kidole. Kisha akatazama gitaa, mwili wote wa mvule ule chini ya rangi ya mwanawe.

"Nilizika mzee wangu mwaka jana," alisema. "Jeneza niliagiza Obunga. Kwa Khaemba. Nikamwambia mvule, juu na chini, mzee wangu hatalala kwa mbao za boksi. Niliuza ng'ombe wawili."

Hakuna aliyepumua, si kwa mashavu wala kwa mkia.

"Siku ya kulichukua, Khaemba akaniambia, 'Mama, tulifunike na kitambaa cha zambarau tupige misumari pande zote. Ndiyo heshima ya siku hizi.' Nikakubali. Sikuona mbao. Nikamshukuru."

Debra aligeuka. Khaemba alikuwa hatua tatu kutoka mlango wa hema, begi begani, na hatua tatu hizo zilikuwa zimejaa wavuvi. Hakuwa anaangalia mtu. Debra alitazama mikono yake mwenyewe, iliyoupiga msasa ubao ule siku nne mpaka ukang'aa, na kwa mara ya kwanza akajiuliza swali ambalo alipaswa kuliuliza siku ile: ubao mpana hivyo hubaki vipi?

"Khaemba mwanangu," alisema Mama Rosa, taratibu, bila hasira, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Kama kifuniko iko hapa, mzee wangu alifunikwa na nini?"

Khaemba alimtazama Debra, macho yakiomba amsaidie.

Debra alijipangusa machozi kwa kiganja.

"Ukweli haujamuua mtu, Khaemba," alisema. "Mwambie mama."